Imani ya Jumatatu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na Wakristo wa Mwanza na mialo ya ziwa

Maswali haya nimeyapata kwa watu: wanafunzi wangu wa mafundisho ya jioni, akina mama wa mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza, ninakoshika daftari la stoo ya dagaa, vijana wa bodaboda, wauguzi, na wasafiri niliokaa nao benchi moja tukisubiri gari. Mimi ni Mkatoliki wa kawaida, sina upadri wala uchungaji. Anayetaka msimamo rasmi wa kanisa lake amwulize kiongozi wake. Wa AIC (Africa Inland Church), KKKT (Walutheri), Anglikana, Sabato na Pentekoste watakuta humu mengi wanayoyajua na machache ya kubishana nami, na kubishana kwa heshima ni ruksa.

Maisha yangu ni kuamka, kwenda sokoni, kurudi na kulala. Mungu anaingia wapi hapo?

Anza na Nazareti. Luka (3:23) anasema Yesu alikuwa amepata kama miaka 30 alipoanza kazi yake. Miaka ya kabla ya hapo Injili zinaipita haraka: kuzaliwa, kukimbilia Misri, safari ya Yerusalemu akiwa na miaka 12, basi. Iliyobaki ilikuwa ya mbao, vumbi na wateja wa mkopo. Alipokuja kufundisha kwao, majirani walibaki kuulizana, huyu si yule seremala? (Marko 6:3). Walikuwa wameishi naye miaka yote hiyo na hawakuwahi kuona cha ajabu.

Habari hiyo inanigusa kuliko miujiza mingi. Sehemu kubwa ya maisha ya huyu tunayemwita Mwana wa Mungu ilikwenda katika kazi ambayo hakuna aliyeona haja ya kuiandika. Kama siku za namna hiyo ni tupu, basi hata zake zilikuwa tupu.

Halafu soma Yohana 21. Amefufuka, ameshinda mauti, na tunamkuta ufukweni alfajiri na moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Watu waliokesha ziwani bila kupata kitu anawaambia, "Njoni mfungue kinywa." Maneno hayo kila mama ntilie wa Kirumba huyasema kwa namna yake kila asubuhi.

Wengi wetu maana ya maisha tunaitafuta pembeni mwa kazi: kwenye semina, mkesha, mlima wa maombi. Si vibaya, nami huenda. Ila majibu yangu yote humu yanatoka kwenye wazo moja: Kristo anaanza kuonekana katika jinsi unavyomtendea mtu aliyesimama mbele yako na ndoo yake, akingoja umpimie.

Lakini ile ya Biblia ni bahari ya Galilaya. Inahusiana vipi na ziwa letu?

Ni ziwa, tena la maji baridi. Luka analiita ziwa la Genesareti (5:1). Urefu wake ni kilomita 21 hivi, na eneo lake kilomita za mraba zipatazo 166. Kisiwa cha Ukerewe peke yake kinalizidi zaidi ya mara tatu. Victoria lenye karibu kilomita za mraba 68,800 tusilitaje. Petro akisimama ufukweni aliiona ng'ambo. Mvuvi wa Goziba haoni kitu ila maji.

Kazi lakini ni ileile. Wanavua usiku, asubuhi wanaosha nyavu (Luka 5:2). Yakobo na Yohana wana ushirika na Simoni (Luka 5:10), na baba yao Zebedayo ana vibarua wa mshahara chomboni (Marko 1:20). Kando ya ziwa kuna mtu wa ushuru amekaa mezani kwake, na huyo naye anaitwa awe mwanafunzi (Marko 2:14), jambo ambalo sina hakika kama wavuvi walilifurahia. Magdala, mji wa Maria Magdalene, ulikuwa na biashara ya samaki wa chumvi. Naam, kayabo.

Mwaka 1986, ukame ulipopunguza maji ya ziwa lile, ndugu wawili wavuvi walikuta kwenye matope mabaki ya mtumbwi wa zama za Yesu. Una urefu wa mita 8 na kidogo, na umetengenezwa kwa aina nyingi za mbao, viraka juu ya viraka. Mwenye chombo hicho hakuwa na hela ya mbao nzuri, akaunga kwa alichopata. Fundi yeyote wa mitumbwi wa huku akiona picha yake ataelewa bila kufafanuliwa.

Nimerefusha hapa makusudi. Watu wengi wa mwaloni wanaamini Injili iliandikiwa watu wenye viatu safi. Waliotangulia kuisikia walinuka shombo.

Wenzangu wanachanganya dagaa wa mchangani na wa chanja, wanauza bei moja. Nikikataa peke yangu si nitafunga biashara?

Inawezekana ukaumia. Sitakudanganya kwamba uaminifu hulipa kila siku ya soko, kwa sababu daftari ninalishika mimi na ninaona nani anapata.

Kwa asiyejua: dagaa akianikwa juu ya chanja anakauka msafi. Akianikwa chini anabeba mchanga, na mchanga una uzito. Ukichanganya gunia, mchanga unauzwa kwa bei ya samaki. Kuna na ndoo yenye kitako kilichobonyezwa kwa ndani. Nayo ni hila ileile.

Biblia imelitaja jambo hili kwa karibu mno. Mithali 11:1 inasema, "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA." Walawi 19:35-36 inaagiza vipimo vya haki. Lakini anayenitisha ni nabii Amosi (8:5-6): anawaona wafanyabiashara wamekaa kwenye ibada, midomo inaimba, moyoni wanahesabu sabato iishe lini wakauze takataka za ngano na kupunguza kipimo. Hakusema hawasali. Walikuwepo ibadani.

Sasa ufanyeje? Watoza ushuru walipomwendea Yohana Mbatizaji hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasitoze zaidi ya walivyoamriwa (Luka 3:13). Kazi ibaki, wizi utoke. Kwa dagaa, njia ninayoiona ikifanya kazi ni kutenga. Wa chanja weka kwake na bei yake, wa mchangani weka kwake na useme wazi ni wa mchangani. Huyo ana wanunuzi wake, wakiwemo wa chakula cha kuku. Wateja wa Kongo, Burundi na Rwanda wanaokuja Kirumba si wageni wa mambo, wanaingiza mkono ndani ya gunia hadi kwenye kiwiko. Akikukuta mkweli msimu huu, msimu ujao anakupigia simu kabla hajapanda gari. Si muujiza huo. Ni kumbukumbu ya mteja.

Na tuwe waangalifu tunapohukumu. Mama anayeanika kwa kibarua hakuchagua mchanga. Mbao na nyavu za chanja ni gharama, na mvua za masika zikimnyeshea anapoteza mzigo mzima. Tajiri anayempa dagaa na kumlipa kwa ndoo ndiye wa kuulizwa kwanza kwa nini hajaweka chanja. Mara nyingi anakaa viti vya mbele kanisani.

Kwenye kikundi chetu cha kukopeshana mwenzetu ameshindwa kurejesha. Wanataka tukachukue vyombo vyake. Mkristo afanyeje?

Fungua Kutoka 22:26-27. Ukichukua nguo ya mwenzako kuwa rehani, umrudishie kabla jua halijachwa, maana ndiyo anayojifunika usiku. Mungu hakukataza kudai. Aliweka mpaka: usichukue kitu ambacho mtu hawezi kuishi bila hicho. Sufuria na jiko la mama mwenye watoto viko ndani ya mpaka huo. Televisheni ni mjadala mwingine.

Kaeni naye, mpange marejesho madogo, katiba ya kikundi iheshimiwe. Mkimwacha na sufuria tupu ataenda kwenye mikopo ya kausha damu, na huko harudi.

Sina muda wa kusali. Natoka saa kumi usiku, narudi nimechoka.

Basi sali ukiwa umechoka. Bartimayo kipofu alisali sentensi moja tu barabarani, "Yesu, Mwana wa Daudi, unirehemu" (Marko 10:47), ikatosha. Sala hiyo inaenea kati ya Kirumba na Buzuruga ndani ya daladala, na konda hatakudai nauli ya ziada.

Katika karne ya 17 kulikuwa na bruda Mkarmeli mjini Paris, Laurent, aliyepangiwa jikoni kwa miaka mingi ingawa kwa asili yake kazi ya jikoni hakuipenda. Alijizoeza kuzungumza na Mungu katikati ya masufuria mpaka akasema saa za kazi na saa za sala hazikuwa na tofauti kwake. Akina mama wengi ninaowafahamu wamefika hapo bila kusikia habari zake.

Ukipata dakika chache kabla ya kulala, kuna zoezi la mtakatifu Ignatius wa Loyola (1491–1556) ambalo hata asiye Mkatoliki anaweza kulitumia. Ipitie siku yako tangu ulipoamka. Nani alikutendea wema? Shukuru. Wapi ulimpunja mtu, kwa kipimo au kwa neno? Omba msamaha, na uamue kesho utamwambia nini. Ukisinzia katikati, sinzia. Zaburi ya 127 inasema Mungu humpa mpenzi wake usingizi.

Jumapili niko ziwani, au niko zamu ya wodini. Je, natenda dhambi?

Muuguzi aliye zamu hospitali ya Bugando hajaiba siku ya Bwana. Yesu aliponya siku ya sabato na kusema sabato ilifanyika kwa ajili ya mwanadamu (Marko 2:27). Kwa Wakatoliki ipo misa ya Jumamosi jioni, inahesabika ya Dominika. Ndugu zetu Wasabato, ambao ni wengi upande wa Mara na huku, wana siku yao ya Jumamosi na nidhamu yake, na kwa kweli katika kupumzika wanatushinda sana.

Kwa mvuvi wa dagaa nina neno zaidi. Kazi yako inafuata giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti dagaa, mitumbwi inapandishwa. Yaani kalenda ya kazi yako tayari ina mapumziko ambayo hakuna bosi aliyeyaweka. Siku hizo zinakwenda wapi? Nikipita visiwani naona pombe, karata na kubeti. Mtu anamaliza hela ya giza zima kwenye mkeka mmoja. Kama Jumapili za giza zinakupita, zichukue siku za mwezi: nenda nyumbani, uone watoto, uungame au uonane na mchungaji, ulale. Mungu hatakukatalia Jumanne.

Mwenye mtumbwi ameweka dawa ya mganga chomboni. Mimi ni kibarua tu. Nishuke?

Swali hili linaulizwa kwa kunong'ona, na ni la zamani kuliko tunavyodhani. Naamani, jemadari wa Shamu, baada ya kuponywa na kumwamini Mungu wa Israeli, alimwambia Elisha kwamba bwana wake atamtaka aende naye kwenye hekalu la Rimoni na kuinama. Elisha hakumkaripia. Alimwambia, "Enenda kwa amani" (2 Wafalme 5:18-19). Kibarua si mwenye chombo. Kitu alichofunga tajiri kwenye mtumbwi wake si imani yako.

Wewe ukiambiwa uchangie kuku, ushike hirizi, uape, kataa kwa upole na useme kwa nini. Wengine watakucheka, wengine watakuonea wivu kwa kuwa hutumii hela huko.

Lakini kuna mahali ambapo hakuna upole. Mganga akianza kutaja mtu, hapo ndipo pa kushuka chomboni hata kama mshahara wa msimu mzima utapotea. Kanda yetu ina doa kubwa. Bibi zetu wameuawa Usukumani kwa kushukiwa uchawi sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na miaka ya moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe jikoni. Ndugu zetu wenye ualbino wamekatwa viungo na kuuawa kwa ahadi ya utajiri wa samaki na madini. Waliotuma watu kufanya hivyo walitafuta bahati, wengine wakiwa na majina ya ubatizo. Waebrania 2:15 inaeleza habari ya watu waliokuwa katika utumwa maisha yao yote kwa sababu ya hofu. Ukombozi kutoka kwa hofu hiyo ndio habari njema hapa kwetu, na kipimo chake ni kama bibi kikongwe wa mtaani kwako anaweza kuzeeka bila kuogopa wajukuu zake.

Kama unataka kuifanya imani yako ya kila siku iwe na mikono, mjengee bibi huyo jiko lenye bomba la kutoa moshi.

Mungu alikuwa wapi MV Bukoba ilipozama?

Tarehe 21 Mei 1996, asubuhi, meli ikikaribia Mwanza kutoka Bukoba na Kemondo. Mamia walikufa. Wengi wamezikwa Igoma. Miaka 22 baadaye, 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara kikitokea Bugolora, watu zaidi ya 200 wakafa wakiwa wameshaiona nchi kavu. Familia nyingi za hapa zina kiti kitupu kwa sababu ya moja ya siku hizo, kwa hiyo sijibu kama mtu anayejibu mtihani.

Yesu aliwahi kuzungumzia jambo la aina hii. Mnara wa Siloamu ulikuwa umeangukia watu 18. Akasema wazi kwamba hawakuwa wakosaji kuliko wakaaji wengine wote wa Yerusalemu (Luka 13:4-5). Kwa hiyo mhubiri anayesimama msibani na kutafuta dhambi ya marehemu anampinga Bwana wake. Baada ya hapo Yesu hakutoa sababu ya mnara kuanguka. Mimi pia sina ya kutoa.

Ninayoweza kusema ni mawili. La kwanza, vyombo vile vilibeba kuliko uwezo wake, na hilo halikuwa fumbo la mbinguni. Mkristo anayekagua tiketi, anayehesabu abiria, anayekataa noti iliyokunjwa ili mzigo mmoja zaidi upande, anafanya kazi takatifu kuliko kwaya nzima. Na wewe abiria, ukiambiwa chombo kimejaa, shuka bila kumtukana aliyekushusha.

La pili: kwenye Marko 4:38 wanafunzi wanazama na Yesu amelala juu ya mto, nao wanamwamsha kwa ukali, huoni ya kuwa tunaangamia? Hakuwakatalia kusema hivyo. Ukiwa bado una hasira na Mungu tangu 1996, mwambie. Zaburi nyingi zimeandikwa na watu waliokasirika.

Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025, kilomita zipatazo 3 juu ya maji, watu walilia kwa furaha, na wengine tulitulia kidogo tukiwakumbuka waliowahi kufa ng'ambo wakisubiri kivuko wapelekwe hospitali. Zege nalo ni jibu la sala.

Nimepanda mbegu ya sadaka, nimenunua mafuta ya upako, biashara bado haijanyooka. Nimekosea wapi?

Hukukosea kutoa. Uliuziwa. Petro alimwambia Simoni wa Samaria, aliyetaka kununua nguvu za Roho, kwamba fedha yake ipotelee mbali pamoja naye (Matendo 8:20), na sioni kwa nini muuzaji aponee pale mnunuzi alipokemewa. Sadaka ni shukrani na ni msaada kwa maskini; haina riba.

Mjane wa senti mbili (Marko 12) hakuambiwa atarudishiwa mara mia. Tena mistari michache kabla yake Yesu anawalaumu walimu wanaokula nyumba za wajane. Isome yote pamoja.

Naenda kanisani lakini sihisi chochote. Siku nyingine sitaki hata kuamka.

Kutohisi peke yake si kukosa imani. Mama Teresa wa Kolkata aliishi miaka mingi akiwa na giza rohoni, na tulijua kwa barua zake baada ya kufa. Alikuwa anaamka na kuosha wagonjwa hivyohivyo.

Ila ulichoandika mwishoni kinanishtua kidogo. Nabii Elia alichoka mpaka akaomba afe, akalala chini ya mretemu (1 Wafalme 19). Malaika hakumhubiria. Alimpa mkate wa moto na maji, akamwacha alale tena, akampa tena. Mazungumzo na Mungu yalikuja baadaye, mwili ukiwa umepata nguvu. Kwa hiyo kula, lala, mwambie mtu mmoja unayemwamini, na kama hali inaendelea wiki baada ya wiki, au mawazo ya kujidhuru yanakuja, nenda hospitali leo bila kungoja ibada ya maombezi. Ugonjwa wa akili unatibiwa kama malaria inavyotibiwa, na hakuna mchungaji mwenye busara atakayekwambia uache dawa.

Kazi yangu ni kufagia soko. Mhubiri anasema nitafute "wito" wangu. Huu si wito?

Ni wito. Martin Luther katika karne ya 16 aliwatetea watu kama wewe: mjakazi anayefagia kwa imani hamtumikii Mungu chini ya mtawa. Paulo aliwaandikia watumwa wa Kolosai wafanye kazi kwa moyo, kama kwa Bwana (3:23). Na kidogo zaidi ya hapo anawaambia mabwana wawape haki na adili (4:1). Watu hupenda kusoma nusu ya kwanza tu. Soko likifagiwa vizuri, kipindupindu kinakosa mahali.

Hapa ziwani tuna mashahidi wa imani waliokuwa watu wa kawaida?

Wapo. Wamisionari wa Afrika, shirika la Kikatoliki linalojulikana pia kama White Fathers, wa kwanza kufika kusini mwa ziwa walikaa Kageye, huko Magu, na kutoka hapo wenzao wawili wakavuka kwa mitumbwi hadi Buganda mwaka 1879. Miaka michache baadaye, kati ya 1885 na 1887, vijana wa Buganda, Wakatoliki na Waanglikana pamoja, waliuawa kwa sababu ya imani. Tunawajua kama Mashahidi wa Uganda. Wengi hawakuwa wahubiri. Walikuwa watumishi wa ikulu, na walikuwapo wapiga ngoma na walinzi: watu wenye zamu. Upande huu misheni ya Bukumbi ilianza 1883, na kazi ya AIC ilianzia Nassa 1909.

Wa karibu zaidi ni Mwalimu Nyerere wa Butiama. Alibatizwa akiwa mtu mzima, 1943, akawa mtu wa misa ya kila siku hata akiwa rais, na Jimbo la Musoma lilianza mchakato wa kumtangaza mwenye heri mwaka 2005. Unaweza kubishana na sera zake mpaka kesho. Hata hivyo rais anayeanza siku kwa kupiga magoti kama watu wengine ni jambo la kufikiria.

Ngoma za Kisukuma zinafaa kumwabudu Mungu?

Nenda Bujora, Kisesa. Padri David Clement, Mkanada, alijenga pale kanisa lenye alama za kichifu za Wasukuma na makumbusho kando yake. Kila mwaka, kwa kawaida Juni, wakati wa sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, kuna Bulabo, mashindano ya vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, na nyoka wanachezwa pia. Wapo Wakristo wasiotaka hata kusikia. Mimi nakwenda, ila kwa nyoka nasimama mbali.

Jirani yangu ni Mwislamu. Niishi naye vipi bila kuficha imani yangu?

Kama unavyoishi naye sasa. Pokea pilau ya Iddi, mpelekee chakula Krismasi, mzikie wake akuzikie wako. Akikuuliza kwa nini humpunji, mwambie.

Mume wangu haendi kanisani. Nimhubirie?

Petro anashauri avutwe "pasipo lile neno", kwa mwenendo (1 Petro 3:1). Mama, pumzisha mdomo kidogo. Na kama anakupiga, hilo si swali la mahubiri tena: kuna dawati la jinsia polisi, na kanisa lako lina wajibu wa kusimama nawe.

Sijawahi kusoma Biblia mwenyewe. Nianzie wapi?

Marko. Ni Injili fupi kuliko zote, sura 16, na ukiisoma kwa sauti bila kukatiza unamaliza jioni moja. Tafuta mwenzako, mpokezane sura. Akiwa mvuvi ni vizuri zaidi, atakusahihisha kuhusu upepo. Baadaye chukua barua ya Yakobo, yenye sura 5 tu, hasa kama unaajiri watu: sura ya mwisho inataja mshahara wa vibarua uliozuiliwa, na kama kuna kibarua anayekudai, mlipe kabla hujaanza kuisoma.